Iodini, sesiamu, radiamu, thoriamu au uraniamu: ipi ya kupeleka maonyesho ya sayansi?

Tangu habari za kinu cha nyuklia zianze kuelekezwa Siaya, hakuna muhula unaopita hapa Kisumu kabla sijafuatwa na wanafunzi wanaotaka mradi wao uhusu mionzi. Muhula huu wamekuja wasichana watatu wa kidato cha tatu, wana daftari moja na swali ambalo nimelibeba wiki nzima: "Mwalimu, uraniamu ikishaungana na oksijeni, hiyo oksijeni nayo haitaanza kutoa mionzi?"

Haitaanza. Na sababu yake ndiyo ninayoitumia kuchagua elementi ya mradi, kwa hiyo niiweke mbele kabla ya kulinganisha chochote. Mionzi hutoka ndani ya kiini cha atomu. Kuungana, kuyeyuka, kuungua na kupata kutu ni shughuli za elektroni zilizo nje ya kiini, na elektroni hazina habari kama kiini kilicho katikati yao ni kizima au kinakaribia kuvunjika. Ndiyo maana iodini-131, yenye mionzi, hushikana na sodiamu sawasawa na iodini-127 isiyo na mionzi (namba huhesabu chembe zilizo ndani ya kiini). Wala hakuna asidi, moto au barafu ya kuiharakisha au kuichelewesha: kila baada ya siku nane nusu yake huwa imevunjika, iwe peke yake au iwe imeungana na kitu. Ndani ya kinu kinachofanya kazi nyutroni, chembe zinazoruka kutoka kwenye viini vinavyopasuka, zinaweza kubadili hata kiini cha oksijeni, lakini huko ni kugongwa, si kuungana, na niliwaambia wasichana wale waandike tofauti hiyo ukurasa wa kwanza.

Kwetu sisi wa shule hilo lina faida kubwa. Sheria ya nyuklia ya mwaka 2019 hairuhusu mtu kuweka chanzo cha mionzi bila leseni ya mamlaka ya udhibiti, KNRA, na ni vizuri iwe hivyo. Lakini kemia ya elementi yenye mionzi tunaweza kuionyesha bila kuigusa, mradi ina ndugu asiye na mionzi anayetenda kama yeye. Basi kwa kila elementi najiuliza: ndugu huyo yupo? Yumo katika kabati letu? Na akitenda, jicho linaona? Elementi nyingi zenye sifa kubwa huanguka kwenye swali hilo la tatu.

Iodini

Naanza na ninayoipenda. Ndugu wa iodini-131 yumo katika kila jiko la Kenya, kwa sababu chumvi yetu ya dukani huwekwa potasiamu iodeti ili watu wasipate rovu. Tandaza kijiko cha chumvi kwenye sahani nyeupe. Dondoshea maji ya wanga, hata maji mazito ya muhogo uliochemshwa yanafaa, kisha tone la mmumunyo wa potasiamu iodidi na tone la siki nyeupe. Chumvi inageuka zambarau, kisha samawati iliyoiva. Iodeti ni iodini iliyoshikana na oksijeni tatu. Iodidi ni iodini iliyojichukulia elektroni moja ya ziada. Zikikutana ndani ya asidi zote mbili zinageuka iodini tupu, nayo inajipenyeza katika nyuzi za wanga na kuonyesha rangi. Kwa dakika moja mtazamaji ameona elementi moja katika hali tatu.

Msitumie ndimu. Mara ya kwanza kufanya jaribio hili na wanafunzi tulikosa siki, tukakamua ndimu badala yake. Sahani ikabaki nyeupe. Tukaishuku chumvi, tukatuma mtu dukani akaleta pakiti nyingine, nayo ikabaki nyeupe. Nusu saa ilipita kabla ya mwanafunzi mmoja wa dawati la nyuma kukumbuka kwamba ndimu ina vitamini C, na vitamini C huirudisha iodini kuwa iodidi kabla wanga haujaionja. Tangu siku hiyo nashauri makundi yaweke sahani mbili mezani, moja ya siki na nyingine ya ndimu. Kosa letu limekuwa sehemu bora ya jaribio, kwa sababu linaonyesha kwamba kampaundi, yaani elementi zilizoungana, inaweza kubadilisha sura huku elementi ikibaki ileile.

Sasa iunganishe na mionzi. Tezi iliyo mbele ya koo hukusanya iodini na kuijenga ndani ya homoni ya thairoksini, ambayo kila molekuli yake ina atomu nne za iodini. Tezi haina njia ya kupambanua iodini-127 na iodini-131. Tabia hiyo ni tiba, na ni hatari pia. John Livingood na Glenn Seaborg waligundua iodini-131 mwaka 1938, na mwaka 1941 Saul Hertz, daktari wa Boston, akamtibu mgonjwa wa tezi kwa iodini yenye mionzi. Hadi leo mgonjwa hupewa sodiamu iodidi ya kumeza, nayo inajipeleka yenyewe kwenye tezi bila kisu. Upande wa pili ni ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl, mwaka 1986: iodini iliangukia majani, ng'ombe wakala, watoto wakanywa maziwa, na miaka michache baadaye saratani ya tezi ikaongezeka miongoni mwa watoto wa Belarus, Ukraine na Urusi. Poland ilikuwa imegawa haraka dozi zipatazo milioni 18 za iodini ya kawaida. Nikiwaeleza wanafunzi sababu yake huwa nawarudisha stendi: matatu ya Siaya ikishajaa abiria, anayekuja nyuma anabaki barabarani. Tezi iliyojaa iodini ya kawaida haina kiti cha iodini-131.

Kuna jambo moja zaidi, na ndilo linalofanya swali la wale wasichana liwe zuri kuliko walivyodhani. Kemia haiwezi kukisumbua kiini, lakini kiini kinaweza kuisumbua kemia. Iodini-131 ikivunjika inageuka zenoni, gesi ambayo karibu haiungani na chochote. Fikiria atomu ya iodini imeshikamana ndani ya thairoksini, na ghafla si iodini tena. Kiungo kinakatika kutoka ndani. Bado sijaona kundi la shule likichora hilo kwenye bango, na ningependa sana kuliona.

Udhaifu wa iodini ni kwamba majaji wamekwisha kuona jaribio la chumvi mara nyingi. Bila sahani ya ndimu na kisa cha zenoni, watapita meza yenu wakidhani ni mradi wa lishe.

Sesiamu ikiwekwa kando ya iodini

Zote mbili huzaliwa pamoja uraniamu inapopasuka ndani ya kinu, tena huweza kuungana zenyewe kwa zenyewe zikawa sesiamu iodidi. Hapo ndipo ufanano unapoishia. Iodini-131 baada ya takriban siku 80 imebaki sehemu moja katika elfu. Sesiamu-137, yenye nusu-uhai (muda wa nusu yake kuvunjika) ya miaka 30, itahitaji miaka 300 kufika hapo. Iodini hutafuta tezi peke yake. Sesiamu, kwa kuwa imekaa chini ya potasiamu katika jedwali la elementi, hufuata njia za potasiamu na kuenea katika misuli yote.

Kisa chake ni kizito. Mwaka 1987, katika mji wa Goiânia nchini Brazil, mashine ya zamani ya tiba ya saratani iliachwa katika jengo lililohamwa. Watu waliokuwa wakitafuta vyuma chakavu wakaifungua. Ndani kulikuwa na sesiamu kloridi, unga uliong'aa samawati gizani, na watu wakagawiana kama kitu cha thamani. Wanne walikufa, 249 wakakutwa na uchafu wa mionzi, na zaidi ya watu 112,000 wakapimwa. Ninachotaka mwanafunzi akione hapa ni mwenzi wa sesiamu. Ile ilikuwa kloridi, nduguye chumvi ya mezani: inanata kwenye mkono wenye jasho, inayeyuka upesi, inapita kutoka kidole hadi chakula. Kiasi kilekile cha sesiamu kikiwa kimefungwa ndani ya kioo kigumu kisichoyeyuka kingetoa mionzi ileile, lakini hakingetawanyika namna ile. Mionzi ni ya kiini, safari ni ya kampaundi.

Hata dawa yake ni kemia tupu. Wagonjwa wa Goiânia walipewa rangi ya samawati ya Prussia, ileile inayojitokeza ukichanganya chumvi ya chuma na potasiamu heksasianoferati. Ndani ya fuwele zake mna vyumba ambavyo sesiamu huingia na kunaswa, kisha hutoka na choo. Muda wa nusu ya sesiamu kutoka mwilini hushuka kutoka siku 110 hivi hadi 30. (Ya maabara si ya kumeza, na bango liseme hivyo kwa herufi kubwa.)

Tatizo ni kwamba mezani mtakuwa na rangi nzuri na hakuna zaidi. Kipande cha potasiamu kwenye maji, chenye mwali wake wa urujuani, huonyesha tabia ya familia, lakini maonyesho mengi hayataki metali hiyo karibu na umati. Kama shule yenu inaweza kuazima kipima mionzi, basi sesiamu inapanda daraja kwa sababu ya jamaa yake: potasiamu yenyewe ina mionzi kidogo. Katika kila atomu 10,000 za potasiamu, moja hivi ni potasiamu-40, yenye nusu-uhai ya miaka bilioni 1.25. Imo katika ndizi za Kisii, imo katika mbolea ya potashi, na imo ndani yetu: mtu wa kilo 70 ana gramu 140 hivi za potasiamu, na atomu zaidi ya 4,000 huvunjika ndani yake kila sekunde. Kipima mionzi kikiwekwa juu ya pakiti ya potasiamu kloridi hulia upesi kidogo kuliko kikiwa juu ya chumvi ya kawaida. Msikilize kwa dakika kumi kila upande na mhesabu, maana tofauti ni ndogo na sikio peke yake hudanganya.

Radiamu na strontiamu, za mifupa

Hizi nazilinganisha pamoja kwa sababu zote mbili zimekaa chini ya kalsiamu katika jedwali, na mwili unazichukua kama kalsiamu. Wasichana waliopaka rangi ya radiamu kwenye saa huko New Jersey, kuanzia mwaka 1917, walikuwa wakichonga ncha ya brashi kwa midomo. Radiamu ikaenda kukaa kwenye mataya na mifupa yao. Strontiamu-90 ya majaribio ya mabomu ya nyuklia ilifika kwa njia ya maziwa, na mwaka 1958 watu wa St. Louis, Marekani, walianza kukusanya meno ya utotoni yaliyong'oka, wakafikisha takriban 320,000, kupima kiasi kilichoingia. Mkataba wa kusitisha majaribio ya angani ulitiwa saini mwaka 1963.

Kwa mezani, strontiamu ni rahisi. Mfupa wa kuku ukikaa siku kadhaa ndani ya siki hupinda kama mpira, kwa sababu asidi imeondoa madini ya kalsiamu. Watu wa ziwani tunaokula omena na mifupa yake tunaelewa mara moja kalsiamu inaingiaje, na strontiamu ingefuata mlango huohuo.

Radiamu inataka mkono uliotulia zaidi. Ndugu yake wa karibu ni bariamu. Mimina bariamu kloridi juu ya sodiamu sulfeti, mashapo meupe yanashuka. Radiamu ingefanya vivyo hivyo. Ufanano huo ndio uliompa Marie Curie kazi ya miaka. Yeye na Pierre walitangaza radiamu mwaka 1898, lakini ilikuwa imejificha ndani ya bariamu, na ilibidi kuyeyusha na kugandisha fuwele za kloridi tena na tena, kwa kuwa radiamu kloridi hutangulia kidogo kuganda. Kutoka katika tani za mabaki ya madini alipata sehemu moja ya kumi ya gramu mwaka 1902. Kundi lenye subira linaweza kuiga hatua hizo kwa potasiamu naitreti na chumvi ya kawaida, wakipima fuwele kila mzunguko. Bariamu inayoyeyuka ni sumu, kwa hiyo glavu na mwalimu karibu. Kati ya hizi mbili ningechagua strontiamu kwa wanafunzi wadogo na radiamu kwa wale wanaopenda mizani.

Radoni

Msichague. Nasema kwa sababu niliwahi kulisaidia kundi moja Nakuru, wamevutiwa na Menengai na miamba ya volkano, wakachagua radoni. Walisoma kwa bidii na wakaeleza vizuri, lakini radoni ni gesi isiyotaka kuungana, na meza yao ikawa na bango na chupa tupu. Lawama ni yangu, sikuwaonya. Kinachofaa kuazimwa kutoka kwake ni hiki: ikivunjika, baada ya siku 3.8 kwa nusu yake, huzaa poloniamu, ambayo ni yabisi na hunata kwenye vumbi na kwenye mapafu. Mzazi hashikani na kitu, mtoto hushika kila kitu. Liwekeni hilo katika mradi wa iodini, karibu na zenoni, kwa kuwa ni kisa kilekile kikisomwa kinyume.

Thoriamu au uraniamu

Hapa ndipo wanafunzi wa upande wetu wana mali ambayo shule nyingine hazina. Milima ya Ruri, kaunti ya Homa Bay, ni ya kabonatiti, mwamba wa volkano wenye kabonati nyingi, na mionzi ya asili huko iko juu ya kawaida hasa kwa sababu ya thoriamu iliyomo mwambani. Na wavuvi wa omena kwa miaka mingi walivua kwa karabai. Ukisimama Mbita usiku usio na mwezi ungeona taa zimetapakaa ziwani kama mji. Mwanga wa karabai hautoki kwenye mwali wenyewe. Hutoka kwenye kile kifuko chembamba cha uzi kinachofungwa juu ya mwali. Kwa fomula ya Carl Auer von Welsbach ya mwaka 1891, kifuko kililoweshwa chumvi ya thoriamu na kidogo ya seriamu. Kikiwashwa mara ya kwanza uzi unaungua na kubaki mifupa myeupe ya oksidi, asilimia 99 thoriamu, ambayo ukiigusa kwa kidole inaporomoka. Nakumbuka kukatazwa na mjomba nisikiguse, na sababu aliyoitoa ilikuwa bei. Vifuko vya siku hizi vingi havina thoriamu, lakini vya zamani msivilete shuleni, kwa kuwa vumbi lake likivutwa pumzini si jambo dogo.

Kwa nini thoriamu? Kwa sababu inashikana na oksijeni kwa nguvu kiasi kwamba oksidi yake haiyeyuki kwa joto mpaka karibu nyuzi 3,300. Na thoriamu ina hali moja tu inayoipenda, ya kutoa elektroni nne. Haibadiliki, haiyeyuki kirahisi majini, inakaa mlimani mvua inyeshe isinyeshe.

Uraniamu ni kinyume chake. Inatoa elektroni nne au sita, na maisha yake yote yanategemea imetoa ngapi. Ikiwa katika hali ya nne, hutulia kama jiwe jeusi. Oksijeni ikiifikia na kuipeleka hali ya sita, hushikana na oksijeni mbili kuwa ayoni (chembe yenye chaji) ya uranili, rangi ya manjano, na huanza kusafiri na maji. Maji yenye kabonati nyingi huibeba vizuri zaidi, maana kabonati huizunguka na kuishikilia isitue. Mtu aliyeona magadi kwenye kingo za Ziwa Nakuru au Elementaita anajua ni maji ya aina gani ninayoyasema. Nazungumzia aina ya maji, siyasingizii maziwa hayo kuwa na uraniamu.

Ndugu asiye na mionzi uraniamu hana. Lakini ina jirani wa tabia, na jirani huyo ni chuma. Kwetu Busia maji ya kisima cha pampu hutoka meupe kabisa. Mama akiyaweka kwenye ndoo hadi jioni, juu kunafanyika utando wa kahawia na chini kunatua tope jekundu linalochafua nguo nyeupe. Chuma kilichokuwa kimeyeyuka kimekutana na oksijeni, kimetoa elektroni moja zaidi, kikatua. Kwa uraniamu mambo hugeuka: oksijeni huifanya iyeyuke, ukosefu wa oksijeni huifanya itue. Ndoo ya maji ya kisima, kando yake mchoro wa uraniamu ukienda mwelekeo wa pili, ni onyesho ambalo mzazi yeyote wa magharibi mwa Kenya ataliwahi kabla jaji hajafungua mdomo.

Na Afrika imetupa kisa cha kulikamilisha. Mwaka 1972 Wafaransa waligundua kwamba huko Oklo, Gabon, uraniamu iliwahi kuwaka yenyewe kama kinu, miaka takriban bilioni mbili iliyopita. Oksijeni ilikuwa imeanza kuongezeka hewani, ikaiyeyusha uraniamu kutoka miambani, maji yakaibeba hadi mahali pasipo na oksijeni, ikatua ikarundikana. Wakati huo uraniamu-235, ile inayopasuka kirahisi, ilikuwa asilimia 3 hivi, si 0.72 kama leo, na maji yaliyopenya yakapunguza kasi ya nyutroni hadi ziweze kuipasua. Kemia ilijenga kinu kabla hakujawa na mtu.

Wale wa Nakuru mna mlango mwingine, florini. Mnaijua kwa meno ya kahawia yanayoletwa na maji ya visima. Florini hiyo ikiungana na uraniamu, sita kwa moja, huzaa uraniamu heksafloridi, inayogeuka gesi kwenye nyuzi 56 hivi. Viwanda huitumia kutenganisha uraniamu-235 na 238, ambazo kwa kemia hazitofautiki kabisa. Na inafaa kwa sababu florini ya asili ina isotopu moja tu, yaani atomu zake zote zina uzito mmoja: molekuli moja ina uzito wa 349, nyingine 352, na tofauti yote ni ya uraniamu. Kisha gesi hurudishwa kuwa oksidi, ikafinyangwa vipande vidogo vya kuingia kinuni. Hapo ndipo jibu la wale wasichana linapokaa: katika kinu kinachozungumzwa Siaya, uraniamu itaingia ikiwa tayari imeungana na oksijeni.

Ningechagua vipi

Shule isiyo na kemikali ila chumvi, siki na wanga, pamoja na chembe za potasiamu iodidi za kuazima, ichukue iodini bila kusita. Ina jaribio linaloonekana, ina wagonjwa walio hai, na haihitaji umeme. Shule yenye kipima mionzi cha kuazima ilinganishe potasiamu na sesiamu, hata kama bango litachosha kulichora. Kundi la Homa Bay lenye mtu wa kuhojiwa aliyevua kwa karabai lina thoriamu mkononi. Kipande kidogo cha pamba kilicholoweshwa magnesiamu naitreti, kikakaushwa na kuwashwa juu ya kigae mwalimu akiwepo, kitaacha mifupa myeupe ya oksidi kama ya kifuko chenyewe.

Uraniamu ndiyo ngumu kuliko zote na ndiyo ningeitaka kwa kidato cha tatu na cha nne, kwa sharti moja: kundi liweze kueleza hali ya nne na ya sita bila kusoma karatasi. Wakishindwa, warudi kwenye iodini, na hawatakuwa wamepoteza kitu, kwa kuwa iodeti na iodidi zinafundisha somo lilelile la elektroni.

Wasichana wangu watatu wamechagua uraniamu. Mmoja anatoka Busia kama mimi, na Jumapili atapanda matatu na mtungi wa lita tano wa maji ya kisima, umejazwa hadi mdomoni na kufungwa pampuni palepale ili hewa isiwahi kuingia. Jumatatu asubuhi tutamimina nusu kwenye ndoo nyeupe, nusu tutaiacha imefungwa, na tutaanza kupiga picha kila saa.